Kumtembeza Mgeni kwa Mguu

Lugha yetu ina ujanja wake. Mtu akifunga safari kutoka Njombe kuja Dar es Salaam kuwaona ndugu zake, ukimuuliza amefuata nini atakujibu: nimekuja kutembea. Na yule aliyekosa nauli, anayetoka Buguruni mpaka Posta jua likimchoma utosini, naye anatembea. Neno ni hilo hilo. Mimi nililitumia kama pazia, na nilichokificha nyuma yake ndicho ninachotaka tuzungumze, ndugu msomaji.

Shangazi yangu aliuza viazi msimu baada ya msimu mpaka nikamaliza kidato cha nne. Basi alipokuja mjini na wajukuu zake wawili, nilikuwa na deni la kumfurahisha. Mfukoni nilikuwa na shilingi 15,000 ambazo ningeweza kuzitumia bila kugusa kodi ya chumba. Usiku nikapiga hesabu: daladala hadi Mnazi Mmoja, toka hapo kwa mguu. Mnara wa Saa, Mtaa wa Samora, Sanamu ya Askari, bustani ya mimea, Makumbusho ya Taifa, halafu Feri. Madafu manne, mihogo, nauli ya kurudi. Nikajiona bingwa wa uchumi!

Asubuhi nikamwambia: “Shangazi, mji huu ukiwa ndani ya gari huuoni. Sharti utembee.” Kila neno hapo lilikuwa kweli, na bado nilikuwa nadanganya.

Wengi watanitetea. Watasema mwenyeji hamfungulii mgeni sufuria tupu amwonyeshe. Tumelelewa hivyo, hata ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haumruhusu mwenyeji kulia njaa siku ya kwanza. Kuficha dhiki ni kumsitiri mgeni asijione mzigo. Nami niliamini hivyo mpaka tulipofika Mnara wa Saa, ule uliojengwa mwaka 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji. Watoto walikuwa wanaruka-ruka. Shangazi alikuwa nyuma, hatua kumi hivi, akijifanya anatazama maduka.

Kwenye Sanamu ya Askari akasimama kabisa, akaanza kulikanda goti. Nami kwa kuona haya nikajitia mwalimu wa historia. Nikawaeleza watoto kuwa sanamu ile iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wapagazi, na kwamba jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha Waingereza cha wapagazi hao, Carrier Corps. Wapagazi walibeba vyakula na risasi maporini, wengi wakafa kwa maradhi na uchovu. Vita ilipangwa na watu waliokaa mezani na ramani, ikalipiwa na miguu ya watu ambao hawakuulizwa. Nilipofika hapo nikakatisha somo. Nilikuwa nimemwona shangazi akibadilisha mguu wa kusimamia.

Ninajua, kulinganisha matembezi ya Jumamosi na vita ni kukuza mambo. Lakini hesabu yangu ya usiku ilikuwa na kosa la namna ile ile. Nilidhani nimepunguza gharama, kumbe nimeihamisha tu. Ilitoka mfukoni mwangu, ikaingia gotini mwa mama wa watu, na yeye hakuijua bei.

Makumbusho ndiko nilikoharibu zaidi. Kiingilio hakikuwamo katika hesabu. Nilipanga tuone jengo kwa nje. Mdogo akauliza, “Mjomba, kwani humu hakuingiliki?” Nikamjibu, “Ndani kuna mifupa tu.” Mtoto wa miaka tisa, ambaye pengine shuleni kwao watakuja kumfundisha juu ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, nikamwambia ni mifupa tu! Hapo sikuwa namsitiri mgeni. Nilikuwa najisitiri mwenyewe, na nilimlipisha mtoto.

Tukafika Feri saa nane. Shangazi akapata mahali pa kukaa penye kivuli, akavua viatu, akatazama pantoni likivuka kwenda Kigamboni, na nyuma yake meli ya mizigo ikiingia polepole. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, wala si kwa hasira:

“Baba, mimi hamu yangu ilikuwa kuona meli. Ungeniuliza, tungekuja kukaa hapa tangu asubuhi.”

Kutoka steshini ya daladala hadi pale kwenye kivuli, bila kuzungushana na masanamu, pangetugharimu chini ya nusu ya pesa yangu. Kiingilio cha watoto nacho kingepatikana. Hela ilikuwepo, sikuuliza tu, kwa sababu kuuliza kungenilazimu nitaje nina kiasi gani.

Rafiki yangu mmoja, tukibishana juu ya jambo hili kwenye kijiwe cha kahawa, alinipinga vikali. Alisema ukimtajia shangazi kiasi ulichonacho, atafungua fundo la kanga atoe chake, na hapo umemnyang'anya mgeni nauli yake kiungwana. Hoja hiyo ina uzito, sikuweza kuipangua yote. Wapo watu ambao kuwaambia “sina” ni sawa na kuwaomba. Nilimjibu tu kwamba shangazi alishalipa siku ile bila kuambiwa, tena usiku alikesha na goti, tukimkanda kwa maji ya moto.

Kabla hawajaondoka tulikaa mkekani, nikaziweka shilingi 6,000 zilizobaki mbele yao wote. Sauti ilinikauka kidogo. Shangazi alizitazama, akacheka, akasema huko kwao hizo ni nyingi. Watoto wakataka mifupa. Yeye akataka meli tena. Tukabishana robo saa nzima kama kashata ziwemo au zisiwemo, na fundo la kanga, kweli, lilifunguliwa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikapokea ya kashata.