Ulizeni Hewa Kwanza

Wajukuu zangu wa Nkome, mwezi umekuwa mkubwa. Dagaa hawavuliki kwenye mbalamwezi, mitumbwi imelala mchangani, na najua wengi wenu kesho alfajiri mtadandia bodaboda kwenda kwenye maduara ya machimbo kutafuta hela ya wiki. Sitawazuia. Mimi mwenyewe nimekula ya ziwa na nimekula ya mwamba, na wanangu wamesoma kwa hayo mawili. Ila kaeni kidogo hapa kwenye kivuli cha mtumbwi. Nina neno moja, na neno lenyewe ni hewa.

Mnaogopa maji, mnaogopa mawe, mnaogopa moto. Sawa. Lakini kilichoniibia watu bila kelele na bila tone la damu ni hewa.

Ilikuwa masika. Duara lilikuwa limejaa maji usiku kucha, na mwenye duara alitaka kazi ianze asubuhi ileile. Sasa, mashine ya petroli ya kuvuta maji ukiiweka juu hainyonyi maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 au 8. Huo si ubovu wa mashine, ndivyo maumbile yalivyo, hata uinunue mpya dukani. Basi watu hufanyaje? Huifunga kamba, huishusha hadi karibu na maji, huiwasha hukohuko chini. Nasi tukafanya hivyo. Maji yalipopungua tukaizima, tukanywa uji, tukashusha kibatari kwa kamba kama wazee walivyotufundisha. Kikiwaka, shuka, kikizima, kaa juu. Kiliwaka vizuri kabisa.

Wa kwanza akashuka kuangalia bomba. Hakupiga kelele. Tulimmulika kwa tochi tukamwona amekaa, mgongo kwenye matimba, kichwa kimelala begani, kama mtu aliyepitiwa na usingizi baada ya ugali. Mdogo wangu, tumbo moja mimi na yeye, akasema, “Huyu kazimia,” akashuka mbio. Alifika. Akamshika kwapani amwinue, akainama juu yake, na hakuinuka tena. Mimi nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye gogo la kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia uji akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma, akavuta kwa nguvu zake zote. Tukaanguka wote wawili kwenye tope. Nikainuka nirudi shimoni. Akanikalia. Mama mzima, kitenge na kila kitu, akanikalia kifuani hadi wanaume wengine walipofika kunishika.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelezwa na askari wa zimamoto waliokuja kutoa elimu kilichotokea siku ile. Moshi wa mashine ya petroli una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ukiivuta, damu huishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa kitu. Miguu huanza kuwa mizito, akili inasema “nikae kidogo,” ukikaa umekwisha. Na kibatari? Kibatari hukuonya pale oksijeni inapopungua. Hewa hii huingia wakati oksijeni ya kuwasha utambi bado ipo. Kibatari chetu hakikutudanganya, ng'wanawane. Tulikiuliza swali ambalo hakikuwa na jibu lake.

Nikamwuliza mmoja wa askari hao, wao wakifika hufanya nini. Akaniambia kabla ya kamba, kabla ya ngazi, wanauliza: wako wangapi chini, mashine ilizimwa saa ngapi, kuna aliyewafuata? Kisha anayeshuka huvaa kinyago usoni na mtungi wa hewa mgongoni, hewa ya kama nusu saa, anafungwa kamba inayoshikiliwa na wenzake juu. Anashuka na hewa yake mwenyewe, hakopi ya shimoni. Askari mwenye mafunzo, mwenye jeshi zima nyuma yake, hathubutu kuivuta hewa ya shimo asilolijua. Wewe unaingia na kifua wazi kwa sababu aliye chini ni shemeji yako.

Watu hudhani mwaka wa zimamoto ni kungoja ving'ora. Zamani lilikuwa jambo la halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la nchi nzima, na hilo neno la mwisho, uokoaji, ndilo linalowachosha huku kwetu. Kiangazi ni moto wa mashamba, wa pamba na wa mabanda ya mbao. Mvua zikianza, ni visima, vyoo vilivyotitia, maduara yaliyoachwa wazi ambayo nyasi zimeyafunika hata ng'ombe haoni. Katikati ya hayo wanakagua majengo na kufundisha watoto shuleni. Siku wanazofundisha ndizo mnazowacheka, mkisema leo hawana kazi.

Na wapo waliotolewa wazima. Januari 2017, kule Nyarugusu, ndani ya mkoa wetu huu wa Geita, watu 15 walifukiwa mgodini, wakakaa chini siku tatu, wakatoka wote hai. Tulikuwa tumekaa na redio hapa mwaloni kama watu wanaosikiliza mpira. Kabla yao, mwaka 2015, kule Nyangalata upande wa Kahama, wachimbaji watano walitolewa baada ya siku 41. Mwenzao wa sita alifia hukohuko. Walikula mende na vyura. Mende mnasimuliana hadi leo, lakini jiulizeni hili: siku 41 mtu hawezi kuishi bila kupumua. Mahali fulani mwamba ule uliwaachia upenyo.

Ziwa nalo lina habari hiyohiyo. Walio na umri wangu wanaikumbuka meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilipopinduka karibu na Mwanza na kuua zaidi ya watu 800. Ilielea juu chini kwa muda, na ndani yake watu walisikika wakigonga. Simulizi iliyobaki kwetu sote ni kwamba walipotoboa tumbo lake ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiibeba ikatoka, ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa, na kwa huruma yao wakaifungulia hewa njia. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara. Kilijengwa kibebe watu 101, na waliozikwa walifika 228. Lakini siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi wa injini akiwa hai, amejibana ndani kwenye chumba kilichobaki na hewa.

Mnaniuliza, basi babu, tukae tu tukitazame chombo kikizama? La. Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani pale Bukoba, waliofika mwanzo ni wavuvi, kwa mitumbwi na makasia kama haya. Ilikuwa na watu 43. 24 wakaokolewa, 19 wakafa. Kijana mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, nchi nzima ikamjua jina, na Rais akaagiza achukuliwe kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akafunzwe. Mmesikia? Akafunzwe. Ushujaa alikuwa nao tayari.

Kwa hiyo mtakuwa wa kwanza kila mara, mtake msitake. Gari la zimamoto litoke Geita mjini, lipite Nzera, lije hadi hapa. Pigeni hesabu wenyewe. Muda huo ni wenu, na una kazi zake. Mtu amelala shimoni bila kujigonga wala kufukiwa: usishuke. Zima mashine na uivute juu, kama inawezekana bila kushuka, ondoa watu mdomoni mwa shimo, na kama mna mashine ya kupulizia hewa safi, peleka mpira chini. Kama ana fahamu, tupa kamba, mwambie ajifunge mwenyewe. Ukiona mwenzako anavua shati ashuke, mkalie.

Hapa nyumbani nako hamko salama. Petroli ya mashine za mitumbwi mnaiuza kwenye chupa za maji, hatua kumi kutoka kwenye majiko ya kukaangia samaki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini mchangani kama nyoka hadi uukute mkaa. Watu zaidi ya 100 waliungua na kufa pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, walipokwenda kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Petroli ikiwaka usiimwagie maji, itaelea na kusambaa na moto wake. Mwagieni mchanga. Nkome tukose vyote, mchanga hatutakosa. Na nyie mnaolala kambini na jiko la mkaa mlangoni kwa sababu ya baridi ya mvua, hewa iliyomuua mdogo wangu ndiyo hiyohiyo mnayofungia ndani na kujifunika nayo blanketi.

Kisha simu. Namba ni 114, na haikati hela. Makamanda wa zimamoto wanalia kila mara kwamba vijana huipigia kwa utani, kuulizia mapenzi, kutukana. Sisi Wasukuma tuna mwano, yowe la kuitana kwenye hatari. Mwano ukilia, ulikuwa unaacha chakula mdomoni, na asiyetokea alitozwa faini. Sijawahi kumwona mtu aliyepiga mwano wa utani, kwa sababu angekula wapi kesho yake? Ukipiga 114, sema ni Nkome, sema ni shimo au moto au maji, sema ni watu wangapi, na usikate mpaka wao wakate. Halafu mtume mwenye bodaboda akawangoje njia panda awaongoze, badala ya kusimama hapo kupiga picha za marehemu.

Nimesema mengi, na mama zenu wananiona nawachelewesha. Yule mama wa uji bado yupo. Amezeeka, haoni vizuri, anauza dagaa kwa visado karibu na kituo cha bodaboda. Kila nikipita huuliza kwa sauti ya kusikiwa na mwalo mzima: “We mzee, mkanda ulinunua mwingine?” Nami huinua shati, nikamwonyesha.