Dada Akipangiwa Yumbe

Ndugu zangu katika imani, dada yetu amehitimu ukunga, na kazi aliyoipata iko Yumbe, kaskazini-magharibi kabisa. Basi kutoka Kampala huvuka Mto Nile pale Karuma, kisha tena Pakwach, na safari bado. Nyumbani wamemwambia: "Binti haendi mbali peke yake."

Hofu yao si ya kubezwa. Wanazuoni wametofautiana: wako wanaoshurutisha mahramu katika kila safari, na wako wanaoruhusu palipo na amani na wenzi waaminifu. Lakini tutazame upande wa pili. Yumbe ina Waislamu wengi, na tangu 2016 yapo makazi ya Bidi Bidi, yaliyopokea wakimbizi zaidi ya 200,000, wengi wao kutoka Sudan Kusini. Sisi hao hao twasema mama mjamzito ahudumiwe na mwanamke. Mwanamke huyo atatoka wapi, ikiwa kila nyumba inamzuia binti yake?

Huduma hii ni fardhi kifaya: asipopatikana wa kuitekeleza, dhambi ni yetu sote. Basi anayemzuia dada ajiulize amemtuma nani badala yake. Na anayemruhusu asiishie kwenye dua: kaka amsindikize, jumuiya imtafutie familia ya kumpokea.

Bi Hajar aliachwa kwenye bonde lisilo na mmea. Alimtegemea Mola wake, na bado alikimbia kati ya Safa na Marwa. Nasi tusimwachie dada juhudi peke yake. Wallahu a'lam.