Haki ya Rafiki Aliyefariki

Mtu apendwaye na wenzake akistaafu huagwa kwa karamu na zawadi. Akifa huagwa kwa machozi na sifa. Baina ya maagano hayo mawili aghalabu hupita miaka mingi ya kimya. Mstaafu huketi barazani kwake akisikiliza nyayo za wapita njia, na nyayo za wale waliomwita ndugu huwa chache. Siku ya maziko ua hujaa watu. Kila mmoja ana hadithi ya ucheshi wake, ukarimu wake na subira yake. Hadithi hizo si za uongo. Ila zimechelewa kufika.

Hapo ndipo linapozuka swali: walio hai wanadaiwa nini na rafiki aliyefariki?

Wako wasemao kuwa deni hilo ni sifa tu. Marehemu hana kinywa cha kujitetea, basi aibu zake na zizikwe pamoja naye. Shauri hili lina huruma. Wengine husema kuwa deni ni kweli tupu, nzuri na mbaya, maana sifa isiyo kweli ni tusi lililovikwa joho. Shauri hili lina ushujaa, lakini laweza kuwa maficho ya kinyongo. Aliyeogopa kumwambia mwenziwe kosa lake kwa miaka 20 hana haki ya kulitangaza juu ya kaburi lake.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Marehemu hana tena tembo la kutia maji. Sifa zikipita kiasi, anayeharibika ni msifu na wale wamsikilizao. Mwalimu aliyependwa akielezwa kama malaika, vijana waliokuja nyuma yake hawapati cha kuiga, kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuiga mbawa. Lakini wakiambiwa kwamba alikuwa mwepesi wa hasira, na kwamba hakuona haya kumwomba radhi hata mwanafunzi wake, watajua kuwa wema wake ulikuwa kazi ya kila siku. Kosa likitajwa kwa mapenzi huonyesha kimo cha ushindi.

Hata hivyo, sifa na kweli zote mbili ni maneno, na maneno ni malipo rahisi. Deni lenyewe ni kubwa zaidi, nalo ni utunzaji wa amana. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni kwa muda mrefu wa maisha yake. Waliomsifu hawana idadi. Lakini ndugu yake, Yusuf Ulenge, alifanya jambo zito kuliko kusifu: alizihifadhi barua alizoandikiwa naye tangu mwaka 1931 hadi 1958. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya mauti ya mwandishi, barua hizo zilitolewa kuwa kitabu. Barua ni kauli ya mtu kwa ndugu yake, si hotuba kwa umma. Kwa hiyo humleta msomaji karibu na mtu mwenyewe kuliko tanzia yoyote. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* navyo vilitoka mwaka 1968, mwenyewe akiwa kaburini. Bila mikono ya walio hai, karatasi zile zingekuwa chakula cha mchwa.

Undugu wa damu ulitenda hayo. Urafiki wa kazini nao unaweza. Kila mstaafu huacha kitu: madaftari ya maneno aliyoyakusanya vijijini, mswada ambao haukukamilika, mwanafunzi aliyemwahidi msaada, mjane asiyejua aanzie mlango gani kudai mafao. Rafiki wa kweli hujulikana siku ya arobaini ikisha kupita, turubai limekwisha kukunjwa na viti vimerudishwa kwa wenyewe. Yeye hurudi, akafungua sanduku na kuuliza nini kilibaki.

Na aliye bora kuliko huyo ni yule aliyekwenda mapema, mwenyeji wa baraza angali hai, akampa sifa zake masikioni mwake na kweli yake faraghani. Huyo siku ya maziko aweza kukaa kimya bila lawama, kwa kuwa deni lake alikwisha kulilipa.