Majibu bado, mama

Karatasi ya majibu yangu ya kipimo cha uvimbe wa titi ina mhuri wa wiki iliyopita. Ilikuwa imelala ndani ya faili muda wote huo, na mimi kila nikienda dirishani naambiwa, "Majibu bado, mama." Hakuna saratani, namshukuru Mungu. Lakini hasira haijanitoka.

Kuchomwa sindano ya kutoa kinyama kwenyewe hakutishi kama wanavyosimulia. Daktari aliutafuta uvimbe kwa altrasaundi, akanipiga ganzi, akanionya nisishtuke nikisikia mlio. Ikalia kach! kama stepla ya karani. Kikatoka kinyama chembamba, cheupe, kikatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini. Nesi akabandika plasta, akaandika jina langu kwa kalamu, akanikabidhi: "Peleka maabara, jengo la nyuma." Nikavuka uani na kipande cha titi langu mkononi, nikipishana na wauza karanga.

Shangazi alishanikataza. Kwake yeye, uvimbe ukiguswa na sindano unakasirika na kusambaa. Sikubishana naye, mkubwa ni mkubwa. Ila saratani haithibitishwi kwa kupapasa. Pasipo kinyama hakuna ajuaye kama ni yenyewe, wala kama ni ile inayolishwa na homoni, na dawa huchaguliwa kwa kuangalia hayo.

Kungoja nako kuna sababu zake. Kinyama hulowekwa, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vikatiwa rangi, ndipo mtaalamu akaviangalia kwa hadubini. Wataalamu hao nchini ni wachache. Hapo sina ugomvi na mtu.

Utaniambia hospitali imeelemewa, nani ana muda wa kumpigia simu kila mgonjwa? Sawa. Mbona namba ya malipo iliingia kwenye simu yangu kabla sijavaa blauzi? Aliyeweza kunitumia deni anaweza kunitumia tarehe. Hata meseji ya kusema "bado, njoo Alhamisi" ingenitosha. Ningepika, ningelala, ningekwenda kazini nikiwa na akili zangu. Kinachommaliza mtu ni kutojua anangoja mpaka lini.

Na ukimya huo una wanaofaidika nao. Mgonjwa asiyepewa tarehe huletewa mizizi ya kuchemsha, mafuta ya upako, na dawa ya mganga aliyemponya shemeji wa jirani wa fulani. Nyingine bado ziko jikoni kwangu. Shangazi hajasomea udaktari, lakini kila jioni alipiga simu kuuliza nimeshindaje. Hospitali haikupiga hata mara moja. Sasa mwanamke aliyepanda basi usiku kucha kutoka kijijini, akarudishwa na "bado", nauli imekwisha, atamsikiliza nani? Atamfuata anayempigia. Halafu siku akirejea titi limeshatoka kidonda, tunamuuliza kwa ukali alikuwa wapi siku zote.