Nani shahidi wa uchovu wa mgonjwa?

Hivi mtu akikwambia "nimechoka", unahitaji ushahidi gani ndipo umsadiki? Swali linaonekana dogo, lakini katika nyumba zetu za mjini limeshavunja heshima za watu, na pengine ndoa. Na sijui mahali linapouma kama kwa mgonjwa wa baridi yabisi.

Jina lenyewe linatupoteza. Wengi wakilisikia hudhani ni maumivu ya wazee waliopigwa na baridi. Ninayoizungumzia hapa ni maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando ulio ndani ya viungo. Vidole na magoti huvimba. Asubuhi mtu hukakamaa saa nzima au zaidi kabla ya kuweza kufunga ngumi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa nayo, na kiasi cha asilimia 70 ni wanawake. Vijana pia huwapata.

Uvimbe unaonekana. Uchovu hauonekani. Vita ile ya kinga humwaga katika damu kemikali zinazofika hadi kwenye ubongo, nao huuamuru mwili ulale, kama unavyoamriwa siku ya homa kali ya malaria. Tofauti ni kwamba malaria ikitibiwa huondoka. Huyu anaishi na amri hiyo miezi na miaka. Ongeza upungufu wa damu unaoandamana na maradhi ya kudumu, usingizi unaokatizwa na maumivu, na misuli inayodhoofika. Ndiyo maana hulala usiku kucha akaamka kama hakulala. Na jambo linalowachanganya wengi: uchovu huo waweza kubaki hata pale dawa zimeshashusha uvimbe na vipimo vya damu vinaonesha afadhali.

Basi wifi anaingia, anaona vidole havijavimba, vyombo vya jana bado vimo kwenye karai, na hukumu inatoka: mvivu. Mume naye anasema, "Hata mimi nachoka, nimesimama kwenye daladala toka Mbagala." Kweli kachoka. Lakini uchovu wake unaisha akila na kulala. Neno ni moja, vitu ni viwili, na kwa kuwa neno tunalijua tunadhani na kitu tunakijua.

Tusiwaonee mawifi peke yao. Mwaka 2005 mtafiti Sarah Hewlett na wenzake wa Bristol, Uingereza, walichapisha mahojiano yao na wagonjwa 15 wa maradhi haya. Wagonjwa walieleza uchovu unaowaelemea, wasioweza kuudhibiti. Wengi hawakuwa wakimtajia daktari, na waliomtajia waliona wamepuuzwa. Mwaka uliofuata watafiti wa mataifa mbalimbali walikutana Malta, na wagonjwa wakiwemo, wakakubaliana kwamba uchovu upimwe katika tafiti za baridi yabisi. Na kipimo chenyewe ni nini? Ni maswali. Mgonjwa anaulizwa, anajibu, jibu linaandikwa. Pamoja na mashine zote walizonazo, wamerudi kwenye kinywa cha mgonjwa.

Sisi tulipaswa kulijua hili mapema. Imran bin Huswain (r.a) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa kulalia ubavu. Hadithi hii imo katika Bukhari na kila mwanafunzi wa madrasa ameisikia. Lakini tujiulize: nani anayesema kwamba mtu huyu "hawezi"? Kwa kawaida ni yeye mwenyewe, kati yake na Mola wake, au daktari anayeaminika. Hakuna baraza la mashemeji linalokaa kuamua. Ikiwa katika swala anasadikiwa, kwa nini katika kusonga ugali tumdai mashahidi?

Najua nitajibiwa: "Ustadhi, wapo wanaojizuga." Wapo, sikatai. Basi tupime makosa mawili. Ukimsadiki mzugaji, umepoteza mchana mmoja wa kufua. Ukimkadhibisha mgonjwa wa kweli, umemdhulumu katika jambo asiloweza kulithibitisha, na umemfundisha kuficha. Ataamka ajikokote, apike, atabasamu mbele ya wageni, kisha siku tatu hainuki, na hizo siku tatu ndizo utakazozihesabu wewe. Dhana mbaya, ambayo Surat Hujurat imetukataza, haiwezi kuwa njia ya kumkamata mzugaji.

Kuna na hili la "subiri dada, ni mtihani". Subira ni neno zito. Linapotoka kwa mtu aliyejinyoosha kwenye kochi akingoja chai kutoka kwa huyo huyo anayeambiwa asubiri, mimi siiti nasaha.

Wala kumsadiki si kumlaza kitandani na kumnyang'anya kila kazi. Mazoezi mepesi, kama kutembea, humsaidia. Mwaka 2019 watafiti wa Bristol walitoa matokeo ya mafunzo ya vikundi, ambapo wagonjwa walisaidiwa kupanga shughuli na mapumziko yao. Athari ya uchovu katika maisha yao ilipungua, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya miaka miwili. Lakini anayejua saa yake nzuri ni yeye. Kwa hiyo aulizwe, "Leo una nguvu za nini?" Akisema za kukata mboga tu, mwingine asonge ugali.

Na siku ya kliniki mume afuatane naye. Daktari akiishia kuuliza maumivu na uvimbe, mmoja wao aseme na habari ya uchovu, tangu lini na kwa kiasi gani, ili hata hiyo damu ipimwe.