Ujira wa Kibarua Usilale

Jumamosi iliyopita, karibu na shule ya Laiser Hill, niliwakuta vibarua wa mjengo wameketi juu ya kokoto giza likiingia. Kazi ilikuwa imekwisha kitambo. Mama mmoja, aliyeshinda akibeba karai za zege, alikuwa akimpigia simu bintiye aende kwa jirani akaazime unga. Kisha msimamizi akatoka na kusema tajiri hapatikani, warudi Jumatatu. Hakuna aliyelalamika. Walijikung'uta vumbi, wakashika njia kwa miguu.

Ule unyamavu wao umenikera wiki nzima. Nilipolitaja jambo hilo kwenye jumuiya yetu, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema Kanisa lihubiri wokovu, mishahara iachiwe wanasiasa na vyama vya wafanyakazi.

Mzee wangu, fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Musa anaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua, kwa kuwa roho yake iko kwenye ujira huo. Aya chache mbele, mwenye shamba anakatazwa kurudia mganda aliousahau. Huo ni wa mgeni, yatima na mjane. Na sababu? Waisraeli wakumbuke kwamba nao walikuwa watumwa Misri. Hapo Karl Marx hajazaliwa, wala chama cha wafanyakazi hakijulikani. Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, anawaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia unalia, na Mungu anausikia.

Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum tarehe 15 Mei 1891, viwanda vya Ulaya vikiwasaga watu, alimtegemea Yakobo huyo huyo. Wengi huhesabu mafundisho ya jamii ya Kanisa kuanzia siku hiyo. Mimi nahesabu kuanzia kwa Musa.

Utasema walipatana, na tajiri naye ana shida zake. Papa Leo XIII aliandika kwamba mapatano hayatoshi: anayekubali malipo duni kwa kuogopa njaa amelazimishwa. Halafu, saruji ya mjengo ule ililipiwa kabla haijashushwa, mabati vilevile. Kwa nini jasho la yule mama ndilo likopwe? Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema malipo ya kibarua wa kutwa ni haki yake siku inapokwisha.

Basi tuanzie kwetu, katika Jimbo la Ngong. Parokia inapojenga, kamati iandike kwenye mkataba kwamba vibarua watalipwa kila jioni, na mwanakandarasi asipewe awamu nyingine mpaka athibitishe. Na padre anapotangaza harambee ya kuezeka kanisa, aulize kwanza, mbele ya waumini wote, kama waliochimba msingi wameshalipwa.