Waadhi kwa Mtu Mzima Aliyeacha Masomo Katikati

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Amma baad. Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Kilwa, hakuna mtaa usiokuwa na mtu wa namna hii. Ujanani aliingia chuo kikuu, akasoma mwaka wa kwanza na wa pili, na pengine wa tatu, kisha akakatika. Baba yake alikufa, ikawa hana budi kushika duka na kulea ndugu zake, au ada ilimshinda, au alipata kazi bandarini akasema, "Nitafanya mwaka mmoja nikusanye fedha, kisha nirejee." Mwaka mmoja ukazaa miaka kumi na minane. Sasa ana mvi ndevuni, ana mke na watoto, na karatasi zake za mitihani zimo katika bahasha chini ya sanduku, wala hamwonyeshi mtu. Mara nyingi alilobakisha si kubwa: ni mitihani miwili mitatu, au ile tasnifu ya mwisho tu. Na killa akipandishwa cheo kijana ambaye yeye ndiye aliyemfunza kazi, hurudi nyumbani akaazimia kuwa mwaka huu haupiti illa amerejea chuoni. Nao hupita.

Akiulizwa sababu atataja tatu: umri, kazi na fedha. Kazi na fedha ni udhuru wa kweli, na maneno yake yatakuja. Lakini umri huwa ni jina tu, na kilichoitwa kwa jina hilo ni haya. Aona haya kukaa darasa moja na vijana wa rika la mwanawe. Aona haya kuulizwa jambo mbele yao akakosa kujibu. Na zaidi ya yote aona haya kujaribu mara ya pili akashindwa, watu wa barazani wakasema, "Twalijua."

Haya ni katika imani, wala hapana wa kuidharau. Lakini ina mahali pake, na mahali pa kutafuta elimu si pake. Imam Bukhari, katika Kitabu cha Elimu cha Sahihi yake, amenakili kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kuwa watu wawili hawaipati elimu: mwenye haya na mwenye kibri. Mwenye kutazama vizuri ataona kuwa watu wawili hao mara nyingi ni mtu mmoja. Huyu wa mtaani asemaye kuwa aona haya mbele ya vijana, lau angepewa kusoma peke yake gizani asionwe na mtu, angesoma. Basi kinachomzuia ni cheo chake machoni mwa watu.

Na katika kitabu hicho hicho Bukhari amenakili amri ya Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, kuwa watu wapate elimu kabla ya kufanywa mabwana. Wanavyuoni wameeleza kuwa Umar alichelea hili hili: kuwa mtu akishakuwa mkubwa, ukubwa wake utamzuia asikae pamoja na wanafunzi. Lakini Bukhari hakuyaacha maneno hayo yakakatwa hapo, asije mtu akadhani kuwa mlango umefungwa kwa aliyekwisha kuwa bwana. Aliongeza mwenyewe kuwa na baada ya kufanywa mabwana pia, na akatoa hoja yake: masahaba wa Mtume, rehema na amani zimshukie, walijifunza nao ni watu wazima. Na hoja hii haina wa kuijibu. Abu Bakr alisilimu akikaribia miaka arubaini, naye ni mfanyaji biashara mashuhuri katika Makka. Akaanza alifu ya dini pamoja na watumwa na vijana, wala hakuona kuwa ameshuka.

Khabari iliyo karibu zaidi na jambo hili ni ya mtu wa madhehebu yetu haya ya Imam Shafii, naye ni Abu Bakr Abdallah bin Ahmad wa mji wa Marw, katika Khurasani, ajulikanaye kwa jina la al-Qaffal. Maana ya al-Qaffal ni mtengeneza makufuli, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hakuwa fundi wa kubahatisha. Yasimuliwa kuwa alitengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake, vyote viwili vyepesi kama punje chache za nafaka, watu wakastaajabu. Alikuwa na kazi, ana sifa katika kazi yake, na umri wake ulikuwa miaka thelathini. Na wengine wamesema arubaini. Hapo ndipo alipoacha nyundo akaenda kutafuta fiqhi.

Mwanahistoria Yaqut ameieleza siku yake ya kwanza. Sheikh alimpa maneno matatu tu, ya mwanzo wa Mukhtasari wa al-Muzani, ayahifadhi. Fundi huyu, ambaye mikono yake yaweza kutengeneza chombo cha uzito wa punje, alipanda juu ya dari akayakariri maneno yale matatu tangu Isha mpaka alfajiri ikakaribia kuchomoza. Usingizi ukamchukua kidogo, akaamka, na yote matatu yamemtoka. Akatoka nyumbani na dhiki, hajui atamwambia nini sheikh wake. Njiani akakutana na mwanamke jirani, naye akamlaumu kuwa usiku kucha hawakulala kwa ajili ya maneno yake, na akamtajia maneno yenyewe. Qaffal akayachukua kwa yule mwanamke, akaenda nayo kwa sheikh, akamweleza yote yaliyompata. Sheikh hakumcheka wala hakumrudisha dukani. Alimwambia asivunjike moyo kwa hilo, kwani akidumu itakuwa ni mazoea.

Na atazame msomaji ni nini kilichotendeka hapo. Mtu mzima, fundi mwenye jina, ameshindwa na maneno matatu. Jirani amejua kuwa ameshindwa. Naye akaenda kumwambia mwalimu wake mwenyewe kwa ulimi wake. Zile aibu zote anazoziogopa mtu wetu wa mtaani zilimpata Qaffal kwa usiku mmoja. Naye alikufa mwaka 417 wa Hijra, sawa na 1026, akiwa ni imamu wa Mashafii wa Khurasani, ambao wamechukua njia yao katika fiqhi kwake. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa Imam al-Haramayn, alisoma kwake. Na imesimuliwa kuwa alama za kazi ya chuma zilibaki juu ya mkono wake, naye alikuwa akizionyesha kwa watu.

Miongoni mwa wanafunzi wa Qaffal alikuwamo Qadhi Husayn, na kwake imenakiliwa mas'ala ambayo killa aliyekatisha masomo apaswa kuijua, asije akajitwika dhambi isiyokuwapo. Mtu aliyeanza kutafuta elimu iliyo fardhi kifaya, akaona kuwa nafsi yake yaiweza, je, ni haramu kwake kuiacha? Qadhi Husayn ameona kuwa ni haramu, kama aliyeingia katika safu ya vita asivyoruhusiwa kurudi nyuma. Lakini kauli iliyosahihishwa katika madhehebu ni kuwa si haramu, kwa sababu killa mas'ala ya elimu yasimama peke yake. Aliyejifunza moja amelipata hilo moja.

Basi mwenye kukatisha asijione kuwa ni mwasi. Wako waliokaa mbali na vitabu miaka mingi kwa sababu killa wakivitazama hujilaumu, na lawama hiyo badala ya kuwarudisha huwakimbiza. Na ile sababu waliyoitaja wanavyuoni yamfaa kwa upande wa pili pia: ikiwa killa mas'ala yasimama peke yake, basi hesabu aliyoisoma ujanani ingali hesabu, na sheria aliyoisoma ingali sheria. Harejei akiwa mtupu. Ni kweli amesahau mengi, lakini kujifunza kilichosahauliwa si sawa na kujifunza kisichojulikana, na hili hulijua killa aliyeirejea juzuu aliyoihifadhi utotoni.

Ila shahada yenyewe haigawanyiki. Hapa ndipo mas'ala ya chuo kikuu yatofautianapo na mas'ala ya fiqhi. Aliyebakisha mtihani mmoja na yule asiyeukanyaga mlango wa chuo, mbele ya mwajiri wako sawa. Watu wa pwani walijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu kujengwa: mtoto aliyesoma juzuu ishirini na tano na akakimbilia mchezoni, nani aliyemfanyia khitima?

Yumkini mtu akauliza, haya ya masheikh na fiqhi yahusu nini shahada ya uhandisi, au ya utabibu, au ya hesabu za fedha? Jawabu alikwisha litoa Imam al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111. Katika Ihya ameitaja tiba na hesabu kuwa ni fardhi kifaya, mji ukizikosa wote wamepata dhambi. Na amelalamika kuwa iko miji isiyokuwa na tabibu illa asiyekuwa Muislamu, na hali Waislamu wamejaa katika ilimu ya mabishano, kwa kuwa ndiyo iletayo vyeo. Ghazali ni faqihi, na lawama yake aliwaelekezea mafaqihi wenzake. Mwenye kubakisha mwaka mmoja kuwa tabibu au mwalimu wa sayansi, naye akaaye katika mji ambao wagonjwa wake husafirishwa mbali, ana la kulifikiri.

Wala asitishike anayeitaka shahada kwa ajili ya mshahara. Kuwachumia mke na watoto masurufu ni wajibu, na wajibu haumwondolei mtu thawabu. Kinachoharibu nia ni kuitaka ili aitundike ukutani na kumdhalilisha kwayo ndugu yake asiyekuwa nayo.

Sasa yale maneno ya kazi na fedha. Zamani mtu wa Mombasa au Unguja aliyetaka chuo kikuu ilimlazimu kuhama: aende Makerere, au Nairobi, au Dar es Salaam, au avuke bahari. Leo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992, husomesha watu nao wako kazini mwao. Unguja pana Chuo Kikuu cha Taifa. Kilifi pana Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013. Na Mombasa, pale palipofunguliwa chuo cha ufundi cha Waislamu mwanzo wa miaka ya 1950, pana chuo kikuu cha ufundi. Safari imefupika. Lakini kazi haikupungua, na mtu atokaye bandarini Magharibi amechoka hawezi kusoma mpaka usiku wa manane. Naye asijaribu. Katika hadithi ya Bibi Aisha waliyoipokea Bukhari na Muslim, amali ipendezayo zaidi kwa Mungu ni ile idumuyo ijapokuwa ni kidogo. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya nyumba kuamka na kabla ya kuishika simu, kurasa nne killa siku humaliza kitabu. Kurasa mia za usiku mmoja, na mwezi mzima wa kupumzika, hazimalizi kitu.

Na fedha isitolewe katika haki ya watu. Hija yenyewe, nayo ni nguzo, haimlazimu mtu mpaka awe na ziada baada ya masurufu ya anaowalisha mpaka atakaporudi. Sembuse ada ya chuo. Asiwapunguzie watoto chakula chao, wala asikimbilie mkopo wa riba akaanza kheri kwa haramu. Aulize kama yawezekana kulipa somo moja moja. Na likiwa moja kwa muhula, liwe moja. Mkewe na alijue jambo hili tangu siku ya kwanza, kwa kuwa saa zitakazosomewa zimetoka katika saa zake.

Wala asianze kwa kununua vitabu, wala kwa kutangaza barazani. Aitoe ile bahasha chini ya sanduku, aende nayo ofisi ya msajili, aulize mambo mawili: masomo yake ya zamani yangali yahesabiwa, na ukomo wake ni lini. Vyuo vyatofautiana katika hili, na viko vyenye kuweka mpaka wa miaka. Huenda mwaka huu wapokea yale ambayo mwaka ujao hauyapokei. Na yule karani atakayemhudumia, yamkini ni kijana wa umri wa mwanawe, atafungua bahasha, atazame tarehe, ainue macho amtazame. Amjibu salamu, na akae kitini angoje.

Wa billahi ttawfiq.